Sauti Arobaini na Moja

Tulikuwa wanne katika likelemba,
miaka tisa, kila Jumamosi, dola tano tano
ndani ya kopo la maziwa la Cibalonza.
Viza ikachukua watatu.

Barua yangu ilikuwa na mstari mmoja wenye maana:
hatuna hakika kwamba utarudi.
Mimi!
Mimi ambaye nyumba yangu imeteleza mara mbili na mvua ya Kadutu
na mara mbili nimeijenga palepale,
juu ya udongo uleule usiotulia.

Niliwasindikiza hadi Ruzizi.
Nzigire alivaa viatu vya harusi ya mdogo wake.
Venantie alibeba sambaza kavu, kilo mbili,
"maana huko Bulaya sijui watatulisha nini."
Pale darajani Cibalonza akanifungua kitenge changu cha nje
bila kuomba, akakikunja, akakitia mkobani.
"Wewe unaenda hivi," akasema.
Nikapanda kilima na kitenge kimoja
na funguo za vibanda vitatu visivyo vyangu.

Kisha sauti zikaanza kuingia.
Mtandao wa Bukavu huzileta kama mvua ya mawe:
kimya, kimya,
halafu zote kwa pamoja juu ya bati.
Nilizisikiliza nimekalia balo la mitumba,
simu imebanwa begani, mikono ikipimia watu suruali.

Ya tatu: Bruxelles. Ngazi zinazotembea.
Venantie amegoma. Anasema yeye ndiye hupanda ngazi,
hajazaliwa ngazi ya kumpandisha yeye.

Ya tisa: treni, na hakuna anayemwamkia mtu.
Nzigire ameamkia behewa zima, kiti kwa kiti,
mpaka mzee mmoja akakusanya mizigo yake akahama.

Ya kumi na nne ni upepo mtupu.
Ya kumi na tano: samahani, ile ilikuwa bahari, Ostende,
tulitaka uisikie. Kitenge chako kimelowa.

Ya ishirini na mbili niliirudia mara sita.
Liège, duka la nguo kuukuu. Nzigire ameona koti
la sufu, kola ya kijani,
ndugu kabisa wa lile tulilomuuzia mwalimu wa Nyawera,
na bei yake mara nane.
Akaanza kuvuta bei. Muuzaji akasema hapa hatupunguzi.
Nzigire akasema: mama, hizi mkizichoka
mnanitumia mimi. Mimi najua zinapofia.
Pakawa kimya. Halafu kicheko,
cha watu wanne.
Nilihesabu vizuri. Wanne.
Muuzaji alikuwa anacheka nao.

Hapo ndipo wivu uliponishika.
Minara haikuniuma, wala maghorofa, wala ile mito yenye taa.
Siku mbili sikumjibu mtu.

Ya thelathini na tatu, saa sita za usiku, Paris:
Venantie na Cibalonza wamekosana kwa ajili ya hela ya teksi,
wamelala chumba kimoja na hawasemezani.
"Mwambie huyo mwenzako azime taa."
Nilinyamaza kidogo.
Kisha nikamwambia.
Nikiwa Kadutu, nimejifunika shuka,
nikazima taa Paris.

Walirudi na mafua na jibini iliyotunuka njia nzima.
Sasa kila Jumamosi wanagombana:
mvua ile ilikuwa Gand, ilikuwa Bruges,
kiatu kilikatikia wapi, nani alilipa kahawa.
Mwishowe wote watatu wananigeukia.
Namur, nasema. Asubuhi, kabla ya mvua.
Kiatu cha kushoto.
Sauti ya kumi na nane.
Hakuna anayebisha.

Jana Cibalonza, akihesabu noti za kopo jipya,
aliniuliza kwa haya kidogo:
hivi pale Liège, ilikuwaje?
Nikawaeleza. Koti, kola ya kijani,
jinsi yule mama alivyojizuia akashindwa.
Tulicheka sana siku ile, nikasema.
Hata mmoja hakunisahihisha.